Adabu ya Bandani

Mfugaji wa kuku mpime magharibi. Mchana kuku wametawanyika, wanapekua, wanajifukia vumbini, na ua wowote wenye kuku unapendeza macho. Jua likishuka ndipo kazi ya mwenye ua inapojionyesha. Banda lililopangwa ovyo lina vurugu saa hiyo: mmoja kasukumwa kaanguka, mwingine anazunguka mlangoni asithubutu kuingia, wa tatu kajibanza kwenye kiota cha kutagia kwa kuwa fito zote zimeshikwa, na kesho yake mayai yatakutwa yamepakaa kinyesi. Banda lililopangwa vizuri lina manung'uniko ya dakika chache tu, kisha kila kuku anakunja miguu na kutulia.

Shangazi yangu anafuga kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba yake, pembezoni mwa mji wa Muheza, mkoani Tanga. Saa hiyo hukaa kwenye kigoda mkabala na mlango wa banda, mikono kaipumzisha mapajani. Mpita njia angesema mama wa watu amechoka. Kumbe yuko kazini. Anaangalia nani katangulia kupanda, nani kamsubiri nani, nani leo kahama mahali pake. Kuku wake ni 30 hivi, wakubwa kwa wadogo, na nafasi ya kila mmoja kwenye fito anaijua bila kuiandika popote. Ufugaji wa nyuma ya nyumba watu huusifia faida yake: mayai mangapi, jogoo bei gani, ada ya mtoto imelipwa au haijalipwa. Ni haki yao. Lakini ufundi wenyewe, ule wa kuwafanya viumbe 30 wenye wivu waishi pamoja bila kutoana macho, hupita bila kusemwa, na mimi naona umenyimwa heshima yake.

Aliyeuandika kwanza utaratibu wa kuku kitaalamu alikuwa Mnorwe, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyezaliwa mwaka 1894. Alianza kuwatazama kuku tangu utotoni, akawa anaweka kumbukumbu za nani kamdonoa nani, na mwaka 1922 akachapisha matokeo yake kwa Kijerumani. Alichoonyesha ni kwamba kuku hawadonoani ovyo. Yuko mmoja anayewadonoa wote na hadonolewi na yeyote. Yuko wa pili anayewadonoa wote isipokuwa huyo. Hivyo hivyo mpaka chini, kwa yule anayedonolewa na kila mtu na hana wa kumdonoa. Aliona pia kwamba mstari huo mara nyingine hujikunja: mweupe anamtawala mwekundu, mwekundu anamtawala mweusi, na mweusi naye anamtawala mweupe, na wote watatu wanaishi hivyo bila kuona ajabu. Shangazi hakuwahi kulisikia jina la mtu huyo. Nilipomsimulia aliitikia kwa kichwa, akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, huyo kijana aliwatazama wakila au wakilala?" Kwake hayo ni mambo mawili. Yuko tetea anayeshika nafasi ya mbele kwenye chakula, lakini jioni anampisha mwenzake aliyezeeka bandani humo.

Ukitaka kuuona utaratibu huo kwa karibu, chuchumaa asubuhi penye chungu cha maji. Tetea mwekundu anakunywa. Tetea wa madoadoa anakuja, anasimama hatua moja nyuma. Hamgusi. Ananyoosha shingo kidogo, jicho moja limemwelekea mwenzake, na manyoya ya shingoni yanainuka kidogo sana, ukipepesa umeyakosa. Mwekundu anainua kichwa, tone la maji bado linaning'inia kwenye mdomo, anageuza uso pembeni, anasogea. Yamekwisha. Siku moja huko nyuma hawa wawili walirukiana, wakashikana undu, mmoja akakubali; tangu hapo hawajahitaji kupigana tena. Ishara ndogo inatosha, na mwenye kuisubiri ishara hiyo ni yule wa chini, ambaye faida yake ni kuijua mapema.

Kwa hiyo mtu anayeona kuku wakidonoana akasema ni wakatili ameangalia upande mmoja. Daraja ndiyo inayowapa amani. Watafiti wawili wa Marekani, A. M. Guhl na W. C. Allee, walichapisha mwaka 1944 matokeo ya kulinganisha makundi ya matetea yaliyoachwa yatulie na makundi ambayo kila mara yaliondolewa kuku na kuingizwa wengine. Waliobadilishwabadilishwa waligombana zaidi, walikula kidogo, na walitaga mayai machache. Mfugaji anayenunua kuku mmoja wiki hii, anauza wawili wiki ijayo na kuazima jogoo wiki ya tatu, anazitoa gharama hizo bila kuziona, kisha analaumu chakula.

Mfugaji hawezi kuifuta daraja. Akishika fimbo kumtetea mnyonge anaongeza ugomvi, maana akigeuka tu wanaanza upya, na safari hii kwa hasira. Anachoweza ni kuupanga ua na saa za siku ili daraja isigharimu damu. Kazi yote iko kabla ya ugomvi.

Angalia ua wa shangazi. Mgeni ataona vitu vilivyosahauliwa: kipande cha bati kimeegemezwa ukutani, tenga bovu limefunikwa kifudifudi, gogo la mnazi limelazwa, migomba michache penye maji ya kuogea. Kila kimoja kimewekwa kwa makusudi. Kuku anayefukuzwa hahitaji kukimbia mbali. Anahitaji kupotea machoni. Akishapita nyuma ya bati, aliyekuwa anamkimbiza anasimama, anapekua ardhi mara mbili tatu, na shughuli imeishia hapo. Adui mkubwa wa kuku mnyonge ni kona isiyo na pa kutokea. Ishara yake ya kukubali kushindwa ni kuondoka, na kwenye kona hawezi kuondoka. Mwenye nguvu anaendelea kumdonoa kwa sababu machoni pake mwenzake bado yupo, bado anamkaidi. Shangazi alizijaza kona za uzio wake mawe na matawi mpaka zikawa mviringo. Banda nalo lina vitundu viwili vya kuingilia badala ya kimoja, kwa hesabu hiyo hiyo: mbabe anaweza kulinda mlango mmoja, miwili hawezi.

Fito za kulalia zina somo lake. Kuku wa nyumbani ametokana na kuku-mwitu mwekundu wa misitu ya Asia ya Kusini-Mashariki, ndege anayelala juu ya matawi, na karne zote za kukaa na binadamu hazijamtoa hamu ya kwenda juu giza likiingia. Ukipanga fito kwa ngazi, moja chini, nyingine kati, nyingine juu, umetengeneza kiti cha enzi na kila jioni kitagombewa. Fito za shangazi ziko kimo kimoja, ndefu, na zinatosha kila kuku kupata nafasi ya shibiri moja na zaidi. Wakubwa hushika sehemu ya ndani mbali na mlango na wadogo wanabaki pembeni, lakini hakuna anayelala chini. Fito moja fupi ameiweka chini kidogo kwa ajili ya wanaoanza kujifunza kupanda, waliotoka kuachwa na mama yao. Miti yenyewe ameichonga laini ili mguu utulie, na kila mara humwagia maji ya moto kwenye viungo, maana utitiri hujificha humo mchana na kutoka usiku kunyonya damu. Kuku anayesumbuliwa na utitiri hulala nje juu ya mwembe, na mwenye kulala nje juu ya mwembe siku moja kicheche atampata.

Kwenye chakula ndipo ninapoipenda zaidi akili yake. Wahenga walisema penye kuku wengi hapamwagwi mtama, na yeye kweli hamwagi. Ana vihori vitatu vya mianzi iliyopasuliwa, kimoja karibu na jiko, kimoja upande wa migomba, kimoja nyuma ya banda, na kutoka kwenye kimoja huwezi kuona vingine viwili. Asubuhi anatoka na ndoo ya pumba iliyochanganywa na mashudu ya alizeti na dagaa waliotwangwa. Kuku wote wanamkimbilia. Anakwenda kwanza kwenye kihori cha mbali zaidi, anamwaga, na wababe wanavamia, wanakishika, wanawafukuza wenzao kwa fahari kubwa. Hapo hapo anarudi polepole na ndoo yake, na walio chini, ambao walishajifunza desturi hiyo kitambo, wanamfuata nyuma kimyakimya hadi kwenye kihori cha pili na cha tatu. Wababe hawawezi kuacha walichoshika. Watakapozinduka na kuja kukagua, wanyonge wameshapata kidogo cha asubuhi. Sijaona kanuni ya haki iliyotungwa kwa busara kuliko hiyo ndani ya ua wa futi chache.

Mchana huwatundikia kishada cha mchicha au majani ya kabichi kwenye kamba, kimo cha mdomo. Majani yanayoning'inia yanatoroka kila yakidonolewa, kwa hiyo kuku wanapata cha kufanya, na kuku mwenye kazi hana muda wa kumtafuta mwenzake. Maganda ya mayai huyachoma na kuyatwanga hadi yawe unga kabla ya kuwarudishia. Wapate chokaa bila kujua kwamba yai linalika. Vumbi la kujifukia, lililochanganywa na majivu, lipo chini ya mwembe, na hapo nimeona jambo ambalo kihorini huwezi kuliona: mbabe na mnyonge wamelala ubavu kwa ubavu, macho nusu yamefumba, kila mmoja anajirushia vumbi. Saa za joto kali daraja hulegea.

Sasa mgeni. Husemwa kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na ni kweli ukipita vijijini utamwona, amefungwa kwenye mti, anazunguka. Kamba inamzuia asirudi kwao, hilo sikatai. Lakini shangazi hafungi, na hoja yake siwezi kuipinga: kuku aliyefungwa hawezi kuondoka akidonolewa, yaani umemtengenezea kona katikati ya uwanja. Yeye mgeni humweka kwanza upande wa pili wa nyumba kwa wiki mbili, na hapo sababu yake ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ugonjwa huo ukiingia kwenye kuku wasiochanjwa unaweza kumaliza ua mzima kwa siku chache, na mara nyingi huingia kwa miguu ya kuku aliyenunuliwa gulioni. Muda huo ukipita bila dalili, mgeni anahamishiwa uani ndani ya tenga. Wenyeji wanamzunguka, wanamkodolea macho, wanajaribu kumdonoa kupitia matundu ya tenga, wanashindwa, wanachoka. Kuku hujuana kwa kichwa: umbo la undu, rangi ya uso. Watafiti walipombadilisha tetea sura ya kichwa, wenzake wa siku zote walimpiga kama mgeni. Zile siku za tenga ni za wenyeji kukisoma kichwa kipya.

Kisha inakuja usiku wa kumwingiza. Nilimshikia shangazi tochi, nimeifunika kitambaa ili mwanga uwe hafifu. Alimtoa mgeni kwenye tenga, kambana mabawa chini ya kwapa, kiganja kimefunika macho, na yule kuku hakutoa sauti. Ndani ya banda hakumweka pembeni ya fito, mahali ambapo mgeni angesukumwa wa kwanza. Alimtafutia nafasi katikati ya matetea wawili wa daraja ya kati, wapole, akaigusisha miguu yake kwenye mti na kusubiri mpaka vidole vilipojifunga vyenyewe, ndipo akaondoa mkono. Majirani wa fito walinong'ona, wakasogeana, wakamkubali kwa kuwa gizani kuku haoni vizuri na hapendi kuhama. Alfajiri umande haujakauka shangazi alikuwa keshafungua milango yote miwili na kutupa chenga za mahindi kila upande, ili wakiamka na kumkuta mtu kati yao wawe na jambo la haraka zaidi la kushughulikia. Vurugu zilikuwepo, lakini ndogo. Na wala hakuwa amemwingiza peke yake: walikuwa wawili, walionunuliwa pamoja. Mgeni wa pekee hubeba midomo yote ya ua. Wakiwa wawili wanagawana.

Watu wengi hudhani ukubwa wa mwili ndio unaoamua daraja. Unasaidia, lakini nimeona matetea chotara, wazito, wakimpisha kuku wa kienyeji mwembamba mwenye hamaki. Kuchi, wale warefu wenye shingo ndefu, hubeba ugomvi wao popote waendapo, na shangazi hawaweki kabisa pamoja na wengine. Anawasifu, anawatazama kwa jirani, basi. Umri una uzito, na ukongwe wa mahali una uzito zaidi. Hata undu unazungumza: tetea anayetaga ana undu mwekundu uliojaa, na akiacha kutaga au akipukutisha manyoya undu hunywea, naye huanza kupisha watu aliokuwa akiwafukuza.

Jogoo ana ngazi yake mwenyewe, juu ya matetea, na wenye haraka huchagua jogoo kwa kifua na kwa sauti. Shangazi humchagua kwa tabia yake penye chakula. Anamrushia kumbikumbi mmoja na kusubiri. Jogoo mwema hammezi. Anamwokota, anamwangusha, anamwokota tena, huku akitoa ile sauti ya haraka ya chini kooni, na matetea wanakuja mbio. Atakayefika kwanza ndiye atakayekula. Jogoo anayemeza peke yake huishia sokoni, hata awe na mkia wa kijani unaong'aa namna gani. Jogoo mmoja anatosha matetea 10 hivi. Wakizidi majogoo, matetea hawapumziki, migongo inabaki bila manyoya.

Jogoo ndiye mlinzi pia. Ana sauti ya adui wa angani na sauti ya adui wa ardhini, na hazifanani. Kwa mwewe hutoa mlio mmoja mwembamba, mrefu, na kuku wote hujilaza au kukimbilia chini ya kitu. Kwa nguchiro au paka hupiga kelele za kukatika, mfululizo, na kuku husimama wima wakiangalia. Shangazi yuko jikoni, anageuza mikate ya kumimina, anaisikia sauti ya kwanza, anatoka na kifuniko cha sufuria mkononi akiangalia juu. Anaisikia ya pili, anatoka na fimbo akiangalia chini ya uzio. Zaidi ya hapo, jogoo anapatanisha. Matetea wawili wakianza kurukiana, anaingia katikati, anaangusha bawa moja, anazunguka kwa miguu ya madaha, na ugomvi unasahaulika. Ua usio na jogoo hujichagulia tetea wa kushika kazi hiyo, na wengine huiweza kwa kiasi, lakini hakuna anayeiweza kama yeye.

Kisha kuna mambo ya kuatamia, ambayo hupindua ngazi yote. Tetea wa kienyeji hutaga mayai 12 hadi 15, halafu anakaa. Shangazi hamwachi kila mmoja akae kwa siku yake. Mayai huyaokota kila siku, anaandika tarehe kwa penseli, anayapanga kwenye beseni la mchanga lililowekwa mahali pa ubaridi, ncha iliyochongoka chini, na kiotani anaacha yai moja bovu la kumshikia tetea moyo. Waliotangulia kukaa wanakalia hayo mayai mabovu wakiwangoja wenzao. Wakitimia watatu au wanne, usiku mmoja wote wanagawiwa mayai mazuri ambayo hayajapita wiki mbili. Siku ya 7 anayapima kwa mwanga wa tochi, yasiyo na mishipa yanatolewa. Siku ya 21 vifaranga wanatoka kwa mama wote kwa pamoja, na hao wanakua rika moja, wanapigania daraja zao wakiwa wadogo, wakati mdomo hauna nguvu ya kuumiza. Rika lililototolewa kwa wiki tofauti halina bahati hiyo: mkubwa wa wiki tatu anaweza kumuua wa siku mbili.

Na mama mwenye vifaranga haangalii cheo. Tetea aliyekuwa wa mwisho kabisa, aliyekula makombo ya makombo, akishakuwa na watoto nyuma yake anafungua mabawa, anavimba mara mbili, na mbabe wa ua anampisha njia. Nimemwona mmoja wa namna hiyo akimfukuza paka hadi nje ya uzio. Kwa majuma yote ya kulea anakula kihori cha kwanza. Watoto wakishaota manyoya ya kutosha anaanza kuwadonoa wamwache, na cheo kinaondoka pamoja nao. Shangazi huwa mwangalifu sana siku hizo. Anamwongezea mama huyo chakula pembeni, nyuma ya migomba, maana mwili umekonda na ulinzi umekwisha kwa wakati mmoja.

Damu haingoji kesho. Kuku huvutwa na wekundu. Kidonda kikionekana, hata rafiki wa fito moja atakidonoa, na wengine watafuata. Shangazi ana chupa ya dawa ya zambarau iliyoning'inia mlangoni mwa banda, na ikiisha hutumia masizi ya sufuria yaliyochanganywa na mafuta ya nazi. Kidonda kikipoteza rangi yake, kinaacha kuwaita. Kwenye mabanda makubwa ya biashara dawa ya tatizo hili ni kukata midomo ya vifaranga. Mdomo wa kuku una neva, unahisi maumivu, na ndiyo mikono yake: kwa huo anapekua, anachagua, anajisafisha manyoya. Mimi kukata huko nakuona ni kumlipisha kuku deni la mtu aliyepanga banda vibaya.

Kuna faida nyingine ya kujua nafasi ya kila mmoja, nayo imeokoa kuku wengi wa shangazi kuliko dawa. Ugonjwa huonekana kwenye daraja kabla haujaonekana kwenye kinyesi au machoni. Tetea aliyezoea kulala sehemu ya ndani ya fito akionekana pembeni bila kupigana na mtu, kuna jambo. Wenzake wameshajua kwamba nguvu zimepungua, wamemsogeza. Jioni hiyo hiyo anatolewa, anawekwa kwenye tundu lake peke yake, anapewa maji safi na kuangaliwa. Chanjo ya mdondo nayo hutolewa usiku, kuku wakiwa kwenye fito. Chanjo inayotumika sana vijijini kwetu, I-2, inavumilia joto kuliko zile za zamani, na inatiwa tone moja kwenye jicho, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Wengine huwakimbiza kuku mchana, vumbi juu, mabawa yanavunjika. Shangazi huwachukua mmoja mmoja kutoka kwenye fito gizani, anatia tone, anasubiri jicho lipepese, anampima uzito kwa kiganja, anamrudisha pale pale alipomtoa, kati ya majirani wale wale. Hilo la kumrudisha pale pale analitilia mkazo mno. Akinituma mimi kumrudisha hunisimamia.

Kuuza kuna utaratibu wake pia. Kuku wa kuuza au wa kuchinjia mgeni hutolewa kutoka kwa pora waliopevuka na matetea wa kati. Pora huondoka kabla hawajaanza kumtunishia kifua jogoo mwenyewe, kwa sababu pambano hilo likishaanza mmoja ataumia. Wakati mmoja mchuuzi alikuja na baiskeli yake yenye matenga, akazunguka ua, akamwona tetea mmoja mkongwe wa kijivu, mbabe wa fito, mnene, mwenye undu uliolala upande mmoja. Akamtajia bei ya jogoo. Shangazi akakataa. Akaongeza. Akakataa.

"Mama, huyu ameshazeeka, hata kutaga anataga kidogo."

"Ndiyo, baba. Lakini nikikuuzia huyu, mwezi mzima hawa wengine hawatatulia, na mimi mayai nitayapata wapi?"

Mchuuzi hakuelewa, au alielewa na bado alimtaka. Mwishowe alichukua pora wanne waliokuwa tayari wametengwa kwenye tundu tangu jana yake, wakakubaliana bei, akawafunga miguu na kuondoka nao kuelekea barabara ya Tanga.